Mkwe Hatangulii

Vestine alikuwa amemwekea baba yake viatu vya baridi mlangoni, vile vinene vyenye manyoya ndani, na juu yake jozi mbili za soksi za sufu. Sosthène aliviruka kama mtu anayeruka dimbwi, akafungua kabati, akatoa mabuti yake ya mpira. Mtu haendi kumwona ng'ombe na viatu vya manyoya. Alipokuwa akichunga kwenye nyanda za juu za Kivu, mabuti ya namna ile yalikuwa fahari ya mwanamume, na hata hapa Oakdale, Minnesota, ghorofa ya pili, mwaka wa tisa sasa, aliyatunza kama wenzake wanavyotunza suti. Akachukua na fimbo.

"Papa, theluji iko mingi kule," alisema Vestine. Alikuwa ameshavaa sare ya kazi, funguo za gari mkononi, amechelewa.

"Miye nilichunga kwenye mvua ya mawe yenye kuua mbuzi," akajibu. "Theluji itanifanya nini?"

Binti akamtazama miguuni, akafungua mdomo, akaufunga. Akamtilia chapati nne kwenye mfuko na kuondoka.

Safari ya siku hiyo ilikuwa ya ng'ombe mmoja tu. Kwa watu wao, binti haondoki nyumbani bila ng'ombe. Huku Marekani wengi wamekubaliana kwamba ng'ombe ni neno: wazee wanaketi ukumbini, mmoja anasimama na kutangaza kwamba wameleta ng'ombe wanane, wanawake wanapiga vigelegele, na bahasha inapita chini kwa chini. Sosthène alikataa. Alimwambia Elisée, mshenga, kwamba saba wanaweza kuwa wa mdomo, lakini mmoja lazima awe na kwato na mkia, na yeye mwenyewe amwone kwa macho kabla ya Jumamosi ya mahari. Asipomwona, hatasimama ukumbini kusema ndiyo. Elisée alijaribu kumkumbusha kwamba wanaishi kwenye maghorofa, ng'ombe atafugwa wapi. "Atakaa kwa mwenye shamba," alisema Sosthène, "miye nitakuwa naenda kumsalimia."

Mchumba wa Vestine, Mugisha, alikuwa ametafuta tangu Novemba. Ng'ombe wa kwanza alikuwa mweusi na mweupe, wa maziwa, hana pembe. "Hiyo ni punda," alisema Sosthène, akageuza uso. Wa pili alikuwa na pembe moja na meno ya kizee. Huyu wa tatu, Elisée aliapa, ni mtamba mwenye pembe mbili ndefu, na Mugisha alikuwa na picha yake. Sosthène akakataa kuiangalia. Ng'ombe hatazamwi kwenye simu.

Na tuseme ukweli, maana mzee mwenyewe asingeusema: hakuwa anatafuta ng'ombe, alikuwa anatafuta kasoro. Mkewe Emérance alikufa katika majira yao ya baridi ya nne hapa, na tangu hapo Vestine ndiye aliyesoma barua zote, aliyempigia simu daktari, aliyejua ni maziwa gani yanamharibu baba yake tumbo. Akiolewa atahamia Champlin, upande wa pili kabisa wa miji hii miwili iliyoshikana, na Sosthène haendeshi gari kwenye barabara kubwa. Kwenda kazini Bloomington, anakokunja mashuka ya mahoteli, hupewa lifti na wenzake. Aliyawaza hayo kila alfajiri akisubiri chai ichemke, na akiwaza alikasirika, na akikasirika alimkasirikia Mugisha.

Si kwamba kijana alikuwa mbaya. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, fundi wa mashine za kupasha nyumba joto, kazi ambayo Minnesota haiishi. Alizaliwa kwenye nyanda zile zile, lakini alibebwa mgongoni mpaka kambi ya wakimbizi Kigoma na akakulia huko. Lugha ya nyumbani aliisikia kwa shida, ndiyo maana wawili hawa walizungumza Kiswahili, kijana cha Kigoma, mzee cha Kivu, chenye "njo" mahali pa "ndiye" na "ndilo". Hakuwahi kuchunga hata mbuzi. Na mwezi wa tisa, alipokuja kujitambulisha, alifanya kosa. Sosthène alikuwa akiwaeleza wageni kwamba mwenye jengo anampulizia hewa ya baridi kwa makusudi. "Hapana, baba," kijana alisema mbele ya watu wote, "ni chujio tu, limejaa vumbi." Akainuka, akafungua kisanduku ukutani, akatoa kitu cheusi cha kutisha, akaweka kipya alichokitoa kwenye gari lake. Jioni ile nyumba ilipata joto. Sosthène naye alichemka. Alimwambia Elisée kwamba kijana anayemsahihisha baba mkwe mbele ya watu hana adabu, na mambo yakakwama miezi miwili. Mama yake Mugisha akamweka mwanawe chini, akamfunda. Tangu siku hiyo Mugisha hakuwa na neno lingine kwa mzee isipokuwa "ndiyo, baba".

Alhamisi hiyo, siku ya mapumziko ya Sosthène, Mugisha alimfuata saa nne. Mwenye shamba, mama mmoja wa Kizungu, alikuwa amesema atakuwepo mpaka saa tisa mchana. Baada ya hapo anafunga lango na kwenda Wisconsin kwa mwanawe, wiki mbili. Jumamosi ya mahari ilikuwa keshokutwa. Wakichelewa leo, hakuna ng'ombe, na bila ng'ombe mzee hatasema ndiyo.

Walipita nyumba za mwisho, wakapita maduka ya mwisho, kisha miti ikaisha, na Sosthène akasahau kununa. Vilima. Vilima vitupu, kimoja nyuma ya kingine, havina nyumba wala mti, nyasi ndefu za kahawia zikichomoza kwenye theluji na kulala upande mmoja kwa upepo. Miaka tisa alikuwa akidhani nchi hii ni barabara na viwanja vya kuegesha magari tu. Hakuna aliyemwambia kwamba nusu saa kutoka nyumbani kwake pana mahali kama kwao.

"Simamisha gari."

Mugisha akaingia kwenye uwanja mdogo wa kuegesha magari. "Baba, shamba bado liko..." akaanza, kisha akakumbuka. "Ndiyo, baba."

"Ng'ombe ya mahari haifuatwi na gari. Ba-babu yetu walivuka milima tatu na miguu, sababu ya ng'ombe moja. Shamba iko nyuma ya vilima hivi?"

"Liko... ndiyo, baba. Upande huo."

"Bon. Tunatembea."

Ambalo Mugisha hakulisema ni kwamba kwa barabara zilikuwa zimebaki dakika tatu.

Sosthène alitangulia, Mugisha akafuata nyuma, maana mkwe hatangulii. Mzee alijua jinsi ya kutafuta zizi katika nchi asiyoijua. Watu wa ng'ombe hujenga juu, waone kundi lote na waone adui anatokea wapi. Bondeni hujenga wakulima na vyura. Kwa hiyo ukitaka zizi, panda kilima kilicho kirefu kuliko vyote, utazame. Akapanda.

Kilima kilikuwa kirefu kuliko kilivyoonekana. Theluji ilikuwa imefanya ganda juu. Hatua mbili linakubeba, ya tatu linavunjika unazama mpaka gotini, na unapouchomoa mguu, buti linataka kubaki. Upepo uliingia sikio la kushoto na kukaa humo. Machozi yalimtoka, yakaganda kwenye ndevu. Alipofika juu, akihema, aliona kilima kingine, kirefu zaidi.

"Iko kwenye hiki kinachofuata," alisema.

"Ndiyo, baba."

Kwenye kinachofuata aliona kinachofuata.

Kati ya hapo palikuwa na seng'enge, nusu yake imezikwa. Sosthène alijaribu kupita juu, ikamdaka suruali, akabaki ameikalia, mguu huku mguu kule, fimbo hewani. Mugisha alisogea kumsaidia. "Niache!" Akajivuta kwa nguvu, na suruali ikachanika kuanzia gotini mpaka mfukoni. Upepo ukapata mlango. Vidole vya miguu, ambavyo mwanzo vilikuwa vinauma, vilikuwa vimeacha kuuma, na mzee alijua hiyo si habari njema, ila hakumwambia mtu.

Walisimama kidogo nyuma ya mwamba wale chapati. Au tuseme ale Sosthène, kwa sababu mkwe mtarajiwa hali mbele ya baba mkwe, na Mugisha alisema ameshiba. Tumbo lake likamkana kwa sauti. Hata hilo lilimuudhi mzee: kijana mwenye njaa anayesema ameshiba. Akauma chapati yake akakuta imekuwa gome la mti.

Lakini kilichomchosha zaidi ni kile "ndiyo, baba". Alianza kukichokoza makusudi. Alisema upepo huu utaisha sasa hivi. Ndiyo, baba. Alisema mawingu yale ni ya mvua, katika baridi inayogandisha mate. Ndiyo, baba. Alisema njia hii ni nzuri. Ndiyo, baba. Ukiwa mchungaji unaweza kukaa siku nzima na ng'ombe mia bila kusikia upweke, lakini hapa alikuwa na mtu mzima nyuma yake na hakuwa na mtu.

Juu ya kilima cha tatu, saa saba imeshapita, aliliona: ghala jekundu, kubwa, peke yake kwenye mgongo wa kilima cha mbele.

"Voilà!" alipaza sauti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. "Ile njo zizi! Nilikuambia? Batu ya ng'ombe banajenga juu."

Mugisha alilitazama ghala, akatazama theluji miguuni pake. Mdomo ulifunguka kidogo, ukajifunga.

"Ndiyo, baba."

Iliwachukua nusu saa nzima. Kilichomwambia Sosthène kwanza ni pua. Hakuna zizi duniani lisilonuka, hata kwenye baridi, na pale palinuka rangi na petroli. Hapakuwa na mavi, wala nyayo, wala bua la nyasi. Akachungulia kwenye ufa wa mlango. Ndani, bega kwa bega, zilikuwa mashua. Mashua ishirini na zaidi, zimefungwa kwenye plastiki nyeupe kama mashuka yanayosubiri kupelekwa hotelini, juu ya kilima kisicho na maji hata ya kunawa miguu. Watu wa hapa huzihifadhi maghalani wakati wa baridi, maji ya ziwani yakiganda kuwa barafu. Kila mtoto wa Minnesota anajua. Sosthène hakujua, na wakati ule hakutaka kujua. Alizitazama kama zimemtukana.

Ndipo mfuko wa koti la Mugisha ukazungumza. Sauti ya kike, ya Kiingereza, tulivu, ile ya ramani ya simu: ukipata nafasi, geuka urudi. Mugisha aliukaba mfuko kwa mikono miwili. Sauti ikarudia, kutoka chini ya glavu.

"Inasema nini?" aliuliza Sosthène, ingawa miaka tisa inatosha kuelewa kiasi hicho.

"Inasema... turudi, baba."

"Tangu wakati gani inasema vile?"

Mugisha aliendelea kuukaba mfuko.

"Mugisha. Tangu wakati gani?"

"Tangu kilima cha kwanza, baba. Nilikuwa nimei-mute. Sijui imejifunguaje."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia kwamba anayelisikia sana anaweza kuvunjika yote mawili, tena pamoja na mkuu mwenyewe. Sosthène alipiga mlango wa ghala kwa fimbo, bati likalia, na mtetemo ukampanda mkono mpaka begani kwa maumivu.

"Sababu ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambiaje, baba?" Mugisha hakuwa amepandisha sauti, alikuwa akizungumza na theluji. "Nilishawahi kukuambia kitu. Chujio."

"Bon! Sasa sema. Tuende wapi?"

"Utakavyoona wewe, baba."

"Macho yangu imetuleta kwenye mashua!" alifoka Sosthène. "Mashua, Mugisha! Na siku Vestine atapotea? Mutu iko naenda kwenye shimo, weye uko nyuma yake, ndiyo mama, ndiyo mama? Hiyo njo adabu?"

Sauti iligonga bati la ghala ikamrudia, na mzee akajisikia mwenyewe. Alijua nani aliyeufunga mdomo wa Mugisha. Alikumbuka siku ile sebuleni kwake, nyumba inapata joto, naye anatafuta jina baya la kumpa aliyeleta joto. Hilo lilimkera kuliko baridi, kuliko suruali, kuliko mashua: alikuwa anapigana na kazi ya mikono yake.

Akaangalia saa. Saa nane kasoro dakika chache. Ndipo likamjia wazo lingine, lililovaa nguo za busara. Miguu imekufa ganzi. Yeye ni mzee. Hakuna atakayemlaumu akikaa hapa, ukutani, pasipo na upepo, apumzike. Atapumzika tu, na saa tisa itapita yenyewe. Lango litafungwa. Jumamosi itakuja na kuondoka, ukumbi mtupu, na Vestine atakuwa bado Oakdale, akimwekea viatu mlangoni. Wala hatakuwa amesema hapana kwa mtu yeyote. Wazo lilikuwa tamu, na utamu wake ukamtia aibu.

Akamkumbuka Vestine asubuhi, ametazama mabuti, mdomo umefunguka, mdomo umefungwa. Hata yeye, binti yake wa kumzaa, alikuwa amejifunza. Ni nyumba ya namna gani hii, ambamo kila mtu anaona unakosea na kila mtu anakupa chapati?

"Toa simu," alisema.

Kuuliza si ujinga, lakini Sosthène aliuliza kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Shamba lilikuwa nyuma yao, upande wa kulia, mwendo wa saa moja wakijitahidi. Na hapo likazuka jambo la kuchekesha kama ungekuwa umelitazama ukiwa ndani ya gari lenye joto: kwa kuwa mkwe hatangulii, Mugisha aliongoza njia akiwa nyuma. "Kushoto kidogo, baba." "Hapo pana shimo, baba." "Tuzunguke huu mteremko, baba, tusipande." Sosthène alikwenda mbele kama fahali anayeswagwa, akikunja uso kwa kila neno, na kila neno lilikuwa sahihi. Alianguka mara mbili. Mara ya pili hakusema "niache", ila hakusema ahsante pia.

Shamba lilikuwa bondeni. Chini kabisa, penye vyura, nyuma ya miti, karibu na barabara.

Mama mwenye shamba alikuwa ameshawasha gari lake, mizigo nyuma, mlango wazi. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika sita. Alipowaona wakishuka kilima kwa miguu, mzee mwenye fimbo na suruali iliyopasuka na kijana nyuma yake, alibaki mdomo wazi. Kisha akazima injini na kuwaonyesha uzio.

Na pale, nyuma ya mbao, alikuwa amesimama mtamba. Pembe alikuwa nazo, haki ya Mungu; zilitoka pembeni mwa kichwa, zikapanda juu, ndefu, safi, zimeelekeana vizuri, pembe za kumfanya mzee wa nyanda za juu avue kofia. Lakini chini ya pembe alikuwa na nywele. Si manyoya ya ng'ombe unayoyajua. Nywele, nyekundu, ndefu, za kusukwa, zimeanzia mgongoni mpaka magotini na kumfunika uso wote. Ni ng'ombe wa asili ya nchi za baridi. Yeye anakaa nje kwenye theluji wakati wengine wanaingizwa ndani. Mugisha alikuwa amezunguka mashamba wiki sita kumpata, kwa sababu mzee alisema pembe.

"Hiyo ni ng'ombe ao mbwa?" aliuliza Sosthène.

"Ng'ombe, baba."

Mzee alizunguka uzio. Alikagua kwato, mgongo, mkia, chuchu. Kila alipotafuta alikosa. Dakika zilikuwa zinaisha na kasoro hazionekani. Kisha akaipata, akahisi nafuu chafu kifuani.

"Macho haionekane. Ng'ombe bila macho, nitajua namna gani tabia yake? Hapana. Huyu siwezi. Mwambie Elisée..."

"Hapana, baba."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mama wa Kizungu hakujua Kiswahili, lakini hata yeye alirudi nyuma hatua moja.

"Macho anayo," alisema Mugisha. Akapanda uzio, yeye ambaye hajawahi kugusa hata mbuzi, akarukia ndani, akavua glavu. Akamkaribia mtamba, na mtamba akapuliza pumzi nzito, na Mugisha akashtuka lakini hakurudi. Akaushika ule ushungi mwekundu, akaupandisha juu. Chini yake palikuwa na jicho kubwa jeusi, lenye kope ndefu, likimtazama Sosthène kwa upole kabisa. "Haya. Na la pili hili hapa. Ulisema pembe, nikatafuta pembe. Ungesema mabawa ningetafuta mabawa. Ng'ombe huyu hana kasoro. Kasoro ni Champlin."

Sosthène aliinua fimbo kidogo, bila kujua kwa nini.

"Hutaki aende," Mugisha aliendelea, ushungi bado mkononi. "Sikulaumu, baba. Ningekuwa wewe hata mimi nisingetaka. Sina ng'ombe wa kukufanya usimkumbuke. Ila chujio lako linabadilishwa tarehe mbili mwezi wa pili, nimeandika, na nitakuja kulibadilisha, unipende usinipende. Na ukipotea tena nitakuambia umepotea. Leo nimenyamaza saa tatu, miguu yako imekufa ganzi, nimeiona, na nimesema ndiyo baba, ndiyo baba. Nimejichukia kila hatua. Kama utanikataa kwa hilo, nikatae."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwa mzee: kijana huyu hana adabu. Yalikuwa yamekaa pale pale tangu mwezi wa tisa, hayahitaji kutafutwa. Hasira ilipanda, ikafika shingoni, ikakuta hakuna pa kwenda. Alimtazama yule aliyesimama kwenye mavi na theluji mpaka vifundoni, ameshika nywele za ng'ombe anayemwogopa, hakwepeshi macho. Akafikiri: huyu hatamwacha mwanangu atembee mpaka kwenye mashua. Akafikiri pia kwamba angependelea sana mtu mwingine awe ndiye aliyefikiri hivyo.

Kwa desturi yao, anayempokea ng'ombe humwita kwa mluzi, mluzi wake mwenyewe, ili mnyama ajue sauti ya mwenyewe. Sosthène hakuwa ameupiga tangu siku walipokimbia na kundi likabaki. Akakusanya midomo, akapuliza. Ilitoka hewa tu. Akajaribu tena, midomo ilikuwa mbao. Alijaribu mara ya tatu, akalaani kwa Kifaransa, na macho yakamjaa maji kwa ghadhabu. Mama mwenye shamba, aliyekuwa na safari, akatikisa ndoo ya chakula. Mtamba akaja mbio mpaka uzioni, akasukuma pua yake yenye unyevu kwenye kifua cha mzee.

Sosthène akaweka mkono kwenye paji lile lenye nywele. Lilikuwa na joto.

"Mwambie Elisée," alisema, "nimemwona."

Mama yule aliwapungia mkono, akafunga lango, akaondoa gari kuelekea upande wa Wisconsin. Gari la Mugisha lilikuwa upande wa pili. Barabara ilikuwa nyembamba, kingo zimejaa theluji iliyosukumwa, hakuna nafasi ya watu wawili sambamba. Mugisha akasimama pembeni kumpisha mzee, apate kufuata nyuma kama kawaida. Mzee hakusogea.

"Tangulia."

"Baba?"

"Weye njo uko najua njia. Tangulia, mkwe. Na usikimbie, miguu yangu imekufa."

Mugisha akapita mbele yake, ameinamisha kichwa kwa aibu. Mzee akamfuata, akiweka mabuti yake ya mpira mahali kijana alipokanyaga. Walikwenda hatua kumi, hatua ishirini.

"Baba," alisema Mugisha bila kugeuka. "Vestine aliniandikia asubuhi. Ulipaswa kuvaa vile viatu."

"Ndiyo," alisema Sosthène, kwa hasira.